Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria na Wabunge: Mwacheni jaji asikilize

Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria,
Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali,
Waheshimiwa Wabunge,

Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Nawaandikia kuhusu kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kinasema anayetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia atahukumiwa kifo. Mwanamke mjamzito hufungwa maisha, na aliyetenda kosa akiwa hajatimiza miaka 18 ana utaratibu wake. Wengine wote ni kitanzi. Jaji hapewi cha kupima wala cha kuchagua. Naomba Bunge liiondoe hiyo lazima, na likishaiondoa liendelee hadi kuifuta kabisa adhabu ya kifo katika nchi yetu.

Mimi si mwanasheria. Nimekuwa karani wa mahakama maisha yangu yote ya kazi, na sehemu kubwa ya maisha hayo nilizunguka mikoani na vikao vya Mahakama Kuu. Karani hukaa mbele ya meza ya jaji, hatua chache kutoka kizimbani. Yeye ndiye anayemfasiria mshitakiwa hukumu inaposomwa kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno ya kunyongwa hadi kufa yametoka mdomoni mwangu kwa Kiswahili, nikiwa namtazama usoni anayeambiwa. Sikuwahi kumwona jaji aliyeyasoma kwa furaha. Baadhi waliandika wazi kwenye hukumu zao kwamba sheria imewafunga mikono.

Nitawaeleza kesi moja tu. Sitataja jina la mtu wala la mji, kwa kuwa jamaa wa pande zote mbili wapo na wanaishi jirani.

Ilikuwa Kanda ya Ziwa. Bibi mmoja aliuawa kwa panga usiku, mlangoni kwake, Februari 2016, kwa madai kwamba ni mchawi. Macho yake yalikuwa mekundu. Bibi yeyote aliyepikia kinyesi cha ng'ombe na mabua miaka yote ndani ya jiko lisilo na dirisha atakuwa na macho mekundu. Walikamatwa wawili. Mtu mzima aliyeshika panga alifia mahabusu kabla kesi haijasikilizwa, akabaki kijana aliyekwenda naye. Ushahidi ulionyesha kwamba yeye alishika kurunzi. Alimulika. Sheria inasema watu wakikubaliana kutenda uovu, tendo la mmoja ni la wote, na mimi sibishani na hilo. Kijana yule hakuwa mtu asiye na hatia. Alijua wanakwenda kufanya nini na alimulika.

Lakini alikuwa na umri gani? Cheti cha kuzaliwa hakuna. Mama yake aliapa mbele ya mahakama kwamba alimzaa wakati wa elinino, mvua zikiwa zimebomoa daraja la kijijini kwao. Mvua zile zilianza mwishoni mwa 1997 zikaingia 1998. Kama alizaliwa mwanzoni mwa mvua, siku ya mauaji alikuwa ametimiza miaka 18. Kama alizaliwa zikikaribia kwisha, alikuwa na miaka 17 na hawezi kunyongwa. Mama aliulizwa na Wakili wa Serikali, akaulizwa na wakili wa utetezi, akaulizwa na jaji mwenyewe. Alichokumbuka ni daraja. Mahakama iliona ametimiza 18.

Hukumu ikasomwa, nikafasiri. Wakili wa Serikali akasema hana kumbukumbu za makosa ya nyuma. Wakili wa utetezi, aliyepangiwa kesi na mahakama kwa kuwa familia haikuwa na uwezo, akasimama na kusema, "Mheshimiwa Jaji, adhabu ni moja tu kisheria, sina la kuongeza." Akakaa. Ndipo jaji akamwuliza kijana kama ana lolote la kusema. Akasema, "Naomba nimseme aliyetutuma."

Kesi nzima alikuwa amekana. Alikana kuwepo, alikana kurunzi, alikana kumjua mwenzake. Waheshimiwa, katika nchi ambayo kosa hili lina adhabu moja tu, nani atakiri? Aliyepanga, aliyelipa, aliyeshika panga na aliyemulika wote wanajua kwamba ukweli utawafikisha mahali palepale panapowangoja wasiposema. Kwa hiyo wanakana mpaka mwisho, na kijana huyu alifungua kinywa pale tu alipokwisha kutiwa hatiani. Jaji alimsikiliza. Nami niliandika alichosema, jina la mtu na la kijiji. Kisha jaji akamweleza kwamba mambo hayo anaweza kuyapeleka polisi, akamweleza haki yake ya kukata rufaa Mahakama ya Rufani ndani ya siku 30, akatamka adhabu. Hakuwa na njia nyingine. Kama angekuwa na uwezo wa kupima, maneno yale yangekuwa na uzito: huyu ni kijana, alitumwa, hakushika panga, anasaidia kumpata mwenye kutuma. Kwa kifungu cha 197 hayakuwa na uzito wowote.

Nje, karandinga likiwa limekwisha kuondoka, binti wa marehemu alinifuata. Hakuniuliza atanyongwa lini. Aliniuliza, "Yule aliyemtaja, nani sasa atakwenda kumkamata?" Nikamwelekeza kituo cha polisi, kwa kuwa sikuwa na jibu jingine la kumpa. Mtu aliyemtuma mwuaji kwa mama yake alikuwa bado yuko kijijini, na shahidi pekee aliyebaki alikuwa njiani kwenda kusubiri kitanzi.

Niliposikia watu wakisema adhabu ya kifo ni haki ya wafiwa, nimekuwa nikimkumbuka dada yule. Kifungu cha 197 hakimpi mfiwa nafasi ya kusema chochote. Akitaka kusamehe, hakuna anayemwuliza. Akitaka fidia ya matunzo ya watoto wa marehemu, adhabu haibadiliki. Waislamu wenzangu wanajua kwamba hata pale Kurani inapoweka kisasi katika mauaji, katika sura ya Al-Baqara, aya ya 178, papo hapo imemfungulia ndugu wa aliyeuawa mlango wa kusamehe na kupokea diya, yaani fidia ya damu. Sheria yetu imeufunga mlango huo kwa jaji, kwa mfiwa na kwa mkosaji.

Nilipostaafu nilisoma riwaya fupi ya Mfaransa Victor Hugo kuhusu mtu anayesubiri kukatwa kichwa. Aliitoa mwaka 1829, akiwa kijana hajafika miaka 30, na katika toleo la kwanza hakuweka hata jina lake. Masimulizi ni ya mfungwa mwenyewe, kwa kalamu yake, tangu yuko gereza la Bicêtre hadi saa ya mwisho. Anasoma ukutani maandishi ya waliolala chumba kile kabla yake. Anamchukia na kumbembeleza kuhani kwa zamu. Anahesabu saa. Analetewa bintiye wa miaka mitatu aagane naye, na mtoto hamtambui. Anamwita bwana, na anapoulizwa baba yake yuko wapi, anajibu kwamba amekufa. Niliyaamini yote hayo, maana watu wanaosubiri nimewaona nyuso.

Hugo hakutuambia mtu yule ni nani wala kosa lake ni lipi. Alikusudia. Alitaka tuitazame adhabu yenyewe, isiyofunikwa na hasira zetu juu ya mtu fulani. Naiheshimu kazi yake, lakini mimi siwezi kuandika hivyo kwa Watanzania. Aliyeuawa lazima awemo. Bibi wa macho mekundu lazima awemo. Kumtetea aliye gerezani huku tukimficha aliye kaburini ni kumfanya mfiwa ageuze uso, na ana haki ya kuugeuza. Ndiyo maana nimeanza na kurunzi na panga. Ninaijua damu iliyomwagika, na bado nawaomba mkiondoe kitanzi.

Ufaransa ilichukua miaka 152 tangu riwaya ile. Mwaka 1972 wakili Robert Badinter alimsindikiza mteja wake, Roger Bontems, hadi kwenye mashine ya kukatia vichwa. Baraza la mahakama lilikuwa limekubali kwamba Bontems hakuua kwa mkono wake. Alikuwa mshiriki wa aliyeua. Walikatwa vichwa wote wawili, alfajiri moja. Miaka tisa baadaye Badinter alikuwa Waziri wa Sheria. Mwezi Septemba 1981 alisimama bungeni akaomba adhabu ile ifutwe, wakati wengi wa wananchi bado wanaitaka, na Bunge likaifuta. Mheshimiwa Waziri, nakutajia mtu huyu kwa sababu alikaa kwenye kiti kama chako, na kwa sababu mteja wake alikuwa na kosa la namna ileile ya kijana wetu wa kurunzi.

Hata hivyo hatuhitaji kwenda Paris. Mwaka 1994, Mahakama Kuu Dodoma, Jaji James Mwalusanya alikuwa na watu wawili mbele yake, Mbushuu na Kalai Sangula, waliopatikana na hatia ya kuua. Alikataa kuwahukumu kifo. Aliandika kwa kirefu kwamba kumnyonga mtu ni kumwadhibu kinyama, na Katiba yetu, ibara ya 13(6)(e), inasema ni marufuku mtu "kuteswa, kuadhibiwa kinyama au kupewa adhabu zinazomtweza au kumdhalilisha". Aliwafunga maisha. Mwezi Januari 1995 Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye kwamba adhabu ya kifo kwa asili yake ni ya kinyama na inadhalilisha. Ikasema hata hivyo kwamba imeokolewa na ibara ya 30(2), inayoruhusu sheria kubana haki za mtu kwa maslahi ya umma, na kwamba kama adhabu hiyo ni ya lazima kwa kulinda maisha, ni jamii inayoamua.

Jamii inaamua wapi, Waheshimiwa, kama si humo ndani mnamokaa Dodoma? Mahakama ya juu kabisa nchini ilikiri unyama wa adhabu hii, ikawakabidhi ninyi. Miezi michache baadaye, Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliifuta adhabu ya kifo nchini mwake, na katika hukumu ile waliipima na kuitaja kesi ya Mbushuu. Fikra za jaji wetu zilisomwa Johannesburg zikasaidia kumwondolea Mwafrika kitanzi. Hapa nyumbani zimelala kwenye majalada.

Kuna hukumu ya pili, na hii ni ya mahakama yenye makao yake Arusha. Novemba 28, 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua shauri la Ally Rajabu na wenzake dhidi ya Jamhuri ya Muungano, watu watano waliokuwa wamefungwa Gereza la Maweni, Tanga. Ilisema kumnyima jaji uwezo wa kupima adhabu ni kumnyang'anya mtu haki ya kuishi kiholela. Ilisema pia kwamba kunyonga kunavunja utu. Iliamuru Serikali iiondoe lazima hiyo katika sheria ndani ya mwaka mmoja na kuwarudisha waombaji mahakamani wasikilizwe upya kuhusu adhabu. Mwaka uliisha. Mahakama hiyo imerudia maneno hayohayo katika mashauri mengine ya Watanzania.

Nimetaja Arusha, na hapa naomba mnivumilie kidogo, maana ni jambo linaloniuma kuliko yote. Mji huohuo ulikuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda. Mwaka 1998 walimhukumu Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati wa mauaji yale, aliyekiri makosa ya kimbari. Alipewa kifungo cha maisha. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko zote mahakamani pale, kitanzi hakikuwemo. Alikiri, na kukiri kwake kukasaidia ulimwengu kujua yaliyopangwa. Katika mji uleule, Mahakama Kuu ya Tanzania ikimpata na hatia mtu aliyeua mmoja kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, inatakiwa kumnyonga. Na Rwanda yenyewe, iliyowapiga risasi hadharani watu 22 Aprili 1998 kwa mauaji ya kimbari, iliifuta adhabu hii mwaka 2007. Nchi iliyozika watu kwa mamia ya maelfu ilisema inatosha. Sisi tunasubiri nini?

Majirani wengine nitawapitia haraka. Malawi iliondoa ulazima mwaka 2007, Uganda mwaka 2009 katika kesi ya Susan Kigula na wenzake, Kenya mwaka 2017 katika kesi ya Francis Muruatetu. Burundi ilifuta adhabu yenyewe mwaka 2009, Zambia mwishoni mwa 2022, Zimbabwe siku ya mwisho ya mwaka 2024, ikiongozwa na Rais ambaye mwenyewe alihukumiwa kifo ujanani na utawala wa walowezi.

Wapo watakaosema huku ni kuiga wageni. Naomba tukumbushane aliyetuletea kitanzi. Abushiri bin Salim alinyongwa na Wajerumani Pangani, Desemba 1889. Mangi Meli alinyongwa Moshi, Machi 1900, yeye na viongozi wenzake. Songea, Februari 1906, walinyongwa mashujaa wa Maji Maji zaidi ya 60, na hadi leo tunakwenda kila mwaka kuweka mashada pale walipozikwa. Baada ya Mjerumani akaja Mwingereza, na Kanuni ya Adhabu tunayoitumia ilianza kazi mwaka 1945 chini yake. Sisemi kwamba wazee wetu hawakuwahi kumwua mhalifu. Nasema adhabu hii, kwa namna ilivyo, ya jaji asiyeruhusiwa kupima, ni ya Mwingereza, na Mwingereza mwenyewe aliacha kuwanyonga wauaji mwaka 1965, baada ya kugundua, kati ya mengine, kwamba mwaka 1950 alimnyonga Timothy Evans wakati shahidi mkuu dhidi yake alikuwa mwuaji wa watu wengi aliyeishi nyumba ileile.

Makosa ya namna hiyo hayana marekebisho. Japani, Iwao Hakamata alihukumiwa kifo mwaka 1968. Mmoja wa majaji watatu waliosaini hukumu ile alikuja kusema hadharani, mwaka 2007, kwamba aliamini hana hatia. Mwaka 2024, akiwa na miaka 88, mahakama ilimwona Hakamata hana hatia na kusema ushahidi ulitengenezwa. Hiyo ni Japani, yenye maabara na kumbukumbu za kila kitu. Mimi nimetoka kwenye mahakama ambako umri wa mtu ulipimwa kwa mvua na daraja.

Najua swali gumu kuliko yote. Ni watu wenye ualbino. Mwaka 2009, Kahama, watu watatu walihukumiwa kifo kwa kumwua mvulana wa miaka 14 na kuchukua viungo vyake, na hukumu nyingine za kifo kwa mauaji ya namna hiyo zilifuata. Mwaka 2024, Muleba, mtoto wa miaka miwili alichukuliwa mikononi mwa mama yake, akaja kupatikana ameuawa, viungo vimekatwa. Mzazi mwenye mtoto mwenye ualbino akiniambia wanyongwe, sitamwambia akae kimya. Lakini nitamwambia nilichokiona kazini: wanaofikishwa kizimbani mara nyingi ni waliotumwa. Mnunuzi, mwenye fedha zake, ndiye anayebaki, na anabaki kwa sababu waliotumwa hawana faida yoyote ya kumtaja. Ninayetaka afikishwe mahakamani ni huyo. Jaji akiwa na uwezo wa kumpa aliyesema kweli kifungo, na aliyeficha kifungo kirefu zaidi hadi maisha, majina yatatoka.

Mtu mwingine ataniambia kitanzi hakitishi kwa sababu hakitumiki. Ni kweli kwamba hakitumiki. Mara ya mwisho Tanzania kunyonga mtu ilikuwa mwaka 1994. Tangu hapo marais wamepita mmoja baada ya mwingine na hakuna aliyenyongwa. Septemba 2017, alipokuwa akimwapisha Jaji Mkuu, hayati Rais Magufuli alisema waziwazi kwamba anajua ugumu wa jambo hili na akaomba asipelekewe orodha ya wa kunyongwa. Desemba 9, 2020 aliwabadilishia adhabu wafungwa 256, kutoka kunyongwa kuwa kifungo cha maisha. Sikumsikia Mtanzania akiandamana kulalamika. Tunawaambia majaji watamke jambo ambalo tunajua Mkuu wa Nchi hataki kulitia saini, na tunamwachia mtu mmoja Ikulu mzigo ambao Bunge lilipaswa kuubeba.

Na wanaosubiri? Wapo magereza ya Isanga, Uyui, Maweni, Butimba na kwingineko, na hakuna anayewaambia kama ni mwaka huu au ni miaka 30 ijayo. Mfungwa wa Hugo alijua saa yake. Wa kwetu hajui kama ana saa. Mke hajui ajihesabu mjane au la. Watoto wanakua wakiwa na baba aliye hai kwa jina tu. Nimewahi kupokea masijala barua za mama mmoja akiuliza kama mwanawe bado yupo, kwa kuwa alihamishwa gereza na nauli ya kumfuata hakuwa nayo. Kifungo cha maisha ni adhabu nzito mno, wala sisemi ni huruma, lakini mtu na jamaa zake wanajua wamesimama wapi, na ukweli ukijitokeza kesho yupo wa kufunguliwa.

Kwa hiyo ninayoyaomba ni haya. Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu, leta muswada wa kurekebisha kifungu cha 197 ili adhabu ya mauaji iwe juu ya jaji, na katika muswada huohuo weka hatua ya kusikiliza adhabu pekee, ambamo wakili wa utetezi atalazimika kusema kitu na mfiwa naye atapewa nafasi ya kusema anachotaka. Muswada ukiondoe kitanzi pia katika kifungu cha uhaini, ambacho Bunge hili linapaswa kukiogopa kuliko wengine wote, kwa kuwa wanasiasa nao hushitakiwa kwacho. Waliokwisha kuhukumiwa kwa lazima warudishwe mahakamani wasikilizwe, kama ilivyofanyika Malawi na Uganda. Wakati hayo yanasubiri, Mheshimiwa Waziri, tunaomba umshauri Rais atumie ibara ya 45 ya Katiba kuwabadilishia adhabu wote waliomo sasa, bila kuchagua.

Tume ya kuboresha taasisi za haki jinai, aliyoiunda Rais Samia Suluhu Hassan na kuongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi taarifa yake Julai 2023, na suala hili limo. Hamhitaji tume nyingine. Hukumu ya Dodoma mnayo, ya Mahakama ya Rufani mnayo, ya Arusha mnayo. Wabunge mnaotoka mikoa ya Kanda ya Ziwa, ninyi hasa, nendeni kwenye magereza yaliyo katika majimbo yenu kabla ya kikao kijacho, ombeni kuonana na waliohukumiwa kunyongwa, na mwulizeni kila mmoja swali ambalo sheria haikumruhusu jaji kulitumia: nani alikutuma? Kisha nendeni kwa wafiwa mkawape majibu. Kuna dada mmoja anayesubiri la kwake.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Karani mstaafu wa mahakama